Mbuzi Anayevuka Mpaka

Kiangazi kile cha mwaka uliofuata vita vya Uganda, mtu angepita nyuma ya nyumba ya Mzee Ildefonce kule Murusagamba, wilayani Ngara, angeona kioja. Juu ya jiwe bapa, mahali ambapo nyumba nyingine huanika maharage na mihogo, Scholastika alikuwa akianika betri. Betri sita za tochi, zimepangwa ndani ya mwanzi uliopasuliwa katikati, zimekazwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli, na nyaya mbili zimetokeza mwishoni kama sharubu za kambale. Jua likihama, naye alizihamisha. Kivuli cha mgomba kikizigusa, alizisogeza kama mtu anayemwondolea mtoto nzi usoni.

"Zimeiva?" Shangazi Theodosia alimwuliza Jumapili hiyo, huku akimenya ndizi za wageni. "Nikuletee chumvi?"

"Bado kidogo, shangazi. Zinataka jua la saa nane."

"Imana yanje, Mungu wangu! Wenzako siku kama ya leo wanajianika wao wenyewe wapendeze. Wewe unaanika betri."

"Mimi nimeshapendeza. Hizi ndizo hazina nguvu."

Shangazi akacheka mpaka kisu kikamponyoka. Alimpenda binti huyu wa kaka yake, yatima wa mama tangu akiwa anatambaa, mrefu, mwenye mwanya na macho matulivu, asiye na haraka ya kutamka neno wala desturi ya kulirudisha akishalitamka. Lakini kupenda si kukubali kila kitu.

"Scholastika mwanangu, nisikilize mimi niliyekubeba. Evaristi ana baiskeli yenye dinamo. Ana shati jeupe la Misa na jeupe la kazini. Hanywi, hatukani, hakohoi. Mimi nimemchunguza kijana yule kama mchele, sijaona hata jiwe moja."

"Ni kweli, shangazi. Hana hata moja."

"Sasa?"

"Nikikaa naye nasinzia."

"Usingizi ni afya!"

"Basi nitalala nikizeeka."

Walicheka wote wawili, ila Scholastika alipoinama kuzigeuza betri zile, alitupia jicho njiani. Leo ndiyo leo. Luhende alikuwa anakuja na mjomba wake, na kibuyu cha pombe ya ndizi. Kwa desturi ya nyumba yao, kibuyu cha posa kikifunguliwa na baba wa msichana akipokea mrija akanywa, neno limekubaliwa. Akiuacha mrija ukae peke yake mpaka povu likauke, wageni huchukua kibuyu chao, huaga kwa heshima, na hawarudi tena. Na kibuyu cha Evaristi kilikuwa kinasubiri zamu.

Luhende alikuwa Msukuma. Wazazi wake walihama na ng'ombe wao kutoka Shinyanga wakaweka boma Biharamulo. Alikwenda vitani, akarudi mzima kwa kumtazama, akaja Ngara kwenye kazi ya kutengeneza barabara ya Mugoma. Askari wengine walirudi na saa, wengine na redio. Yeye alirudi na kijisanduku cha plastiki cha kuenea kiganjani, alichobadilishana kwa blanketi na mwenye duka mmoja kule Masaka. Kilikuwa na kidirisha cheusi, na ndani ya kidirisha vitaa vyekundu vidogo kama punje za ulezi zilizoshika moto. Kitaa kimoja kiling'aa kuliko vingine. Hicho unakisukuma kwa vitufe. Vilivyofifia vinakifukuza. Nani ajuaye wenyewe waliokiunda walikusudia nini. Murusagamba waliamua kuwa kinachong'aa ni mbuzi na vinavyofifia ni fisi, na mbuzi akiwapita fisi wote anafika zizini, na kisanduku kinalia tii-tii-tii kwa furaha.

Kilikuwa kibovu, tuseme ukweli. Kitufe cha chini kilikwama mpaka ukibane kwa ukucha. Kilio chake cha furaha kilitoka wakati wowote, hata mbuzi akiwa ameliwa. Na ubovu mkubwa kuliko wote: mbuzi akikaribia pembe ya kushoto, chini, alipotea. Giza. Hayupo kabisa! Halafu, ukiwa umeshakata tamaa, anatokea upande wa pili, mara nyingine mdomoni mwa fisi, mara nyingine mlangoni pa zizi. Kwa kuwa wao wenyewe waliishi karibu na mpaka na walijua tabia za mbuzi, hawakuhitaji kufundishwa. "Ameenda Burundi!" walipiga kelele. Na sheria ikawekwa kwamba mbuzi akiwa ng'ambo hakuna kugusa kitufe, mnamwita tu, "Me-me-me! Rudi nyumbani!" mpaka arudi. Hata Mzee Ildefonce, baba yake Scholastika, mtu wa kanzu na rozari, aliwahi kumwita mbuzi yule mpaka kofia ikamwanguka.

Hapo ndipo Scholastika na Luhende walipoanza kutazamana. Kichwa kwa kichwa juu ya kidirisha kidogo namna ile, macho yatakwenda wapi?

Kisha mambo yakaharibika. Siku moja Mzee Ildefonce alirudi kutoka Mugoma na mkungu wa ndizi kichwani, akamwona Luhende amesimama kando ya barabara na koleo lake. Akamwita kwa jina. Kijana hakugeuka. Akamwita tena. Kijana akaendelea kutupa udongo, anapiga mluzi! Mzee mzima, na mzigo kichwani, akapita kama upepo. Kuanzia siku hiyo alimchukia kijana, na kwa kuwa hakutaka kusema jambo lililomwumiza, alisingizia sanduku. Luhende alipokuja kugusia habari ya posa, alijibiwa mbele ya watu: "Utaniletea kitu kigonjwa nyumbani mwangu? Kakiponye kwanza. Lete kitu kizima, nawe uje mzima."

Luhende akachukua sanduku akaenda Biharamulo. Betri akazikabidhi kwa Scholastika. "Zitunze hizi," alimwambia, na vidole vyao vilikaa kwenye mwanzi ule muda mrefu kuliko betri zilivyohitaji.

Jumapili hiyo wageni walifika jua likiwa limeanza kulegea. Mbele alikuja mjomba Kazimili, mzee mfupi mwenye fimbo ndefu na kiko, anayesalimia hata migomba. Nyuma yake Luhende, shati la kaki limepigwa pasi ya mkaa, kibuyu begani. Alimtazama Scholastika mara moja tu, lakini jinsi alivyomtazama, Shangazi Theodosia aliacha kupepea moto.

"Shikamoo, mzee," Luhende alipiga magoti.

"Marahaba," Mzee Ildefonce alijibu, akitazama paa.

Scholastika alikuwa amekwisha kupanga vigoda kwa akili. Cha baba kulia kwa Luhende. Alikuwa na sababu yake, na sababu hiyo aliijua yeye peke yake katika wilaya nzima, maana aliapishwa: sikio la kushoto la Luhende lilikufa Uganda, siku bomu lilipoanguka karibu na handaki lao. Halisikii hata ngoma. Na Luhende aliona ni aibu. "Mtu atampaje binti yake mume nusu?" alisema siku alipomfichulia siri hiyo. Ndiyo maana barabarani hakugeuka. Scholastika alikuwa amemsihi aseme, naye alikataa.

Lakini jua halina adabu. Lilimchoma Mzee Ildefonce usoni, naye akainua kigoda chake akahamia kwenye kivuli. Kushoto.

Scholastika akafumba macho.

"Safari ilikuwaje?" mzee aliuliza kwa sauti ya chini, ile ya mtu anayejilazimisha.

Luhende alikuwa anatabasamu kuelekea kwenye migomba.

"Nimeuliza, safari ilikuwaje."

Tabasamu lile lile. Mshipa wa shingo ya mzee ukasimama. Scholastika akaachia sufuria ikaanguka chini, ng'aa! Kila mtu akageuka, Luhende pia, na mjomba Kazimili akadakia: "Safari njema, bwana mkubwa, njema kabisa! Lori lilitutupa-tutupa kama choroko kwenye ungo, lakini kibuyu hakikumwaga hata tone. Hiyo ni dalili!"

"Dalili ya kizibo kizuri," mzee alisema. Kibuyu kilikuwa katikati yao, mrija umekwisha kuchomekwa. Hakuugusa.

Luhende akatoa kijisanduku mfukoni, kimefungwa kwa leso.

"Mzee, ulisema nilete kitu kizima." Sauti yake ilikuwa na fahari. "Nimekaa na fundi redio Biharamulo. Nyaya nilizishika sana jeshini, kwa hiyo kazi nilifanya mwenyewe, yeye alinipa moto na lehemu. Nimekiponya."

Scholastika akaleta betri, bado zina joto la jua. Nyaya zikaunganishwa. Vitaa vikawaka. Mzee Ildefonce alikipokea akijidai hana haja nacho, akakishika kwa mikono miwili, akakisogeza karibu na pua kama alivyozoea.

Mbuzi akaenda. Kitufe cha chini kilishuka laini kama siagi. Mbuzi akafika pembe ya kushoto na kugonga ukuta. Hakupotea. Akarudi, fisi akamla. Kisanduku hakikulia. Mzee akaanza tena. Pembe, ukuta, fisi. Akaanza tena. Safari hii mbuzi alifika zizini, na kisanduku kikalia tii-tii-tii pale pale kilipotakiwa kulia.

"Ni kizima," mzee alisema.

Akakirudisha kwenye leso. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyealikwa karamu akakuta maharage hayana chumvi, na hawezi kumwambia mwenyeji.

"Sasa hivi hakina kasoro hata moja," Luhende alisema.

"Hata moja," mzee aliitikia, akatazama migomba. Povu la pombe lilikuwa limeanza kushuka.

Mjomba Kazimili akakohoa. "Luhende, kanitafutie kaa la moto jikoni. Kiko kimezima."

Kiko hakikuwa kimezima. Lakini wazee wa zamani walijua kazi yao.

Scholastika alikuwa nyuma ya jiko, ameegemea mgomba, kamkunjia uso.

"Limi mama yangu anakusalimu," Luhende alianza. "Nimekukumbuka kila..."

"Umemwua."

"Nani?"

"Mbuzi wetu. Alikuwa anavuka mpaka. Sasa anagonga ukuta kama mlevi."

"Scholastika! Kile kilikuwa ni ubovu. Waya ulilegea, basi. Baba yako alitaka kizima!"

"Baba alitaka kuitikiwa barabarani. Sanduku aliliona kila Jumapili na kofia ilimwanguka kwa kicheko. Umeshawahi kumwona baba yangu kofia imemwanguka kwa jambo lingine?"

Luhende akavitazama vidole vyake. Alikuwa amesimama kwa namna yake ile ya kugeuza uso kidogo, sikio zima mbele, namna ambayo watu walidhani ni maringo na yeye Scholastika ilimyeyusha mifupa.

"Nimefanya kazi ile siku na siku," alisema polepole. "Vidole vimeungua. Nilifikiri utafurahi."

"Nionyeshe." Alivishika vidole vile, akavitazama kimoja kimoja, kovu dogo dogo la lehemu. Sauti ikamlegea. "Pole. Lakini nisikie, Luhende mwana wa Limi. Mimi sikukupenda kwa sababu sikujua kasoro zako. Najua nikae upande gani. Najua ukicheka kabla ya wengine hukusikia, unabahatisha tu. Najua ukiimba unapotea njia. Nimeshazoea kukusubiri urudi, kama tulivyokuwa tukimsubiri yule mbuzi. Kumsubiri ndiko kulikokuwa kutamu."

"Na baba yako?"

"Baba yangu anakaa kushoto kwako sasa hivi na anaona unamdharau kwa mara ya pili. Umetengeneza sanduku ili kulificha sikio."

Luhende akashusha macho. "Akikataa je? Akisema hampi kiziwi binti yake?"

"Atakuwa amekataa ukweli. Mimi nitabaki kumbembeleza, ni baba yangu, najua mlango wake uko wapi. Lakini ukiondoka hapa na siri yako, Luhende, sitabembeleza mtu." Akainama jikoni, akachomoa msumari mrefu wa Shangazi wa kugeuzia mahindi, ncha imewiva nyekundu motoni, akaushika kwa kitambaa na kumpa. "Huo hapo moto. Mrudishe mbuzi wangu mgonjwa. Halafu kaseme."

Walitazamana. Moshi ulikuwa unawachoma macho, na hakuna aliyepepesa. Kisha Luhende akacheka, kicheko chake cha kweli kile, cha kuchelewa.

"Mke wa namna hii," alisema, "fisi watahama wilaya."

"Bado sijawa mke. Povu linashuka. Nenda!"

Alirudi barazani na msumari. Mbele ya wazee akafungua kisanduku kwa ncha ya kisu, akagusa waya mmoja, kisha kitufe cha chini, moshi mdogo ukapanda, akafunga. Kisha akainua kigoda chake, akazunguka mgongoni mwa Mzee Ildefonce, akakaa ng'ambo, ili mzee awe kulia kwake.

"Mzee, nisamehe. Ulisema nije mzima, nami si mzima. Sikio hili lilikufa vitani. Niliona aibu kusema. Mtu akiniita kutoka huku, ni kama ameliita jiwe."

Shangazi Theodosia akashika mdomo. Mzee Ildefonce akaligeukia sikio lile.

"Siku ile barabarani," alisema. "Mkungu ulikuwa kichwani mwangu."

"Ulipita upande gani, mzee?"

Mzee akafikiri. Alinyoosha mkono wa kulia, akanyoosha wa kushoto, akajipanga upya pale alipokaa kama mtu anayetembea. "Mugoma iko huku... wewe ulitazama bondeni..." Mikono ikashuka. "Kushoto."

"Sikukusikia, mzee wangu. Naapa kwa mama aliyenizaa."

"Kumbe mwezi mzima nimelinunia sikio la maiti?"

Mjomba Kazimili akataka kucheka, akaking'ata kiko.

Lakini Mzee Ildefonce hakuwa mtu wa kuamini kwa kuambiwa. Akainuka, akapita nyuma ya Luhende taratibu, akainama upande wa kushoto na kusema kwa mnong'ono uliomfikia Shangazi kwa shida: "Wewe ni mwizi wa kuku. Na ng'ombe wa Biharamulo wana mikia mifupi."

Luhende alikuwa anamtazama Scholastika mlangoni, anatabasamu kwa raha zake zote.

"Haaa!" Shangazi alipiga makofi. "Kweli! Kafa kabisa!"

Mzee akazunguka upande wa kulia, akanong'ona kwa sauti ambayo hata nzi asingeisikia: "Na ng'ombe utaleta wangapi?"

"Mjomba ndiye msemaji, mzee," Luhende alijibu papo hapo.

Hapo nyumba nzima ikaangua kicheko. Mjomba Kazimili alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Mimi nikiulizwa hivyo huwa kiziwi masikio yote mawili!" Na Mzee Ildefonce naye, akiwa hataki, mabega yakaanza kumtikisika.

"Hebu," alisema, akijifuta macho, akauelekeza mkono kwenye leso. "Hebu nilione hilo dubwana."

Vitaa vikawaka. Mbuzi akaenda, akakwama, mzee akabana kitufe kwa ukucha, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Pembe ya kushoto, chini. Giza.

"Ameenda!" mzee akaruka. "Ameenda Burundi huyo! Msiguse! Theodosia, usipumue! Me-me-me! Rudi nyumbani, mwanaharamu wewe, me-me-me!"

Wote waliinama juu ya kidirisha kile cheusi, wakimwita. Mzee, bila kuondoa macho, alinyoosha mkono akitafuta kitu cha kushika, akaukuta mrija, akauvuta mdomoni kama mtu aliye shambani kwake, akanywa funda moja refu.

Shangazi Theodosia aliona. Mjomba Kazimili aliona. 

"Kaka," Shangazi alisema hatimaye, taratibu. "Umekunywa."

"Najua nimekunywa," Mzee Ildefonce alijibu. "Mnadhani mimi ni kipofu? Scholastika, njoo upokee mrija umpe mwenzako. Lakini hakuna mtu kuondoka hapa mbuzi akiwa bado ng'ambo."

"Na Evaristi nimwambie nini?" Shangazi aliuliza.

"Mwambie hana kasoro. Atapata tu."

Scholastika alikuja kwa hatua zake zile zile zisizo na haraka, kanga iliyonyooshwa chini ya godoro ikimkaa sawasawa. Akapiga magoti, akanywa, akampa Luhende mrija. Alipompa, aliinamia sikio lake la kushoto, lile lililokufa, akasema ndani yake maneno ambayo hakuna mtu aliyeyasikia, wala Luhende mwenyewe.

Luhende akageuza kichwa. "Umesema nini?"

Scholastika akainuka. Akachukua kigoda, akazunguka, akakiweka kulia kwa Luhende na kukaa, kama mtu aliyekwisha kufika kwake.

Ndani ya kidirisha, mlangoni kabisa pa zizi, kitaa chekundu kikawaka.